Mawazo hayaachwi, yanapimwa!

Wiki hii tuyaweke pembeni mambo ya mitindo ya nywele na nani kaachana na nani. Tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunacho ila tunakificha: mawazo.

Sisemi mawazo ya kodi ya chumba na mshiko kuisha tarehe kumi. Hayo ni ya kila mtu. Nasema yale yanayopanga chumba kichwani na hayalipi. Yanakuamsha saa tisa usiku, yanakukata hamu ya kula, yanakuambia wewe hufai, utafukuzwa, utakufa, watu wanakucheka.

Ukimwambia mtu, jibu lake unalijua. Dingi: "Acha mawazo." Bi mkubwa: "Sali mwanangu, acha mawazo." Washkaji wa kijiweni: "Achana nayo bwana, twende tukapate moja baridi." Wote wanakutakia mema. Lakini hakuna hata mmoja anayekueleza mawazo yanaachwaje. Mtu angekuwa anaweza kuyaacha, si angeyaacha jana?

Basi kuna tiba ya hospitali ambayo haikuambii uache mawazo. Inakuambia uyashike, uyaandike, halafu uyapime kama yana ukweli wowote. Wataalamu wetu wanaiita tiba ya utambuzi na tabia. Mimi nitaiita tiba ya fikra na vitendo, maana hapo ndipo tunapoelewana. Ukifika hospitali utasikia wanaitaja kwa herufi zake za Kiingereza, CBT.

Nimeifuatilia kwa miezi kadhaa kwa sababu shoga yangu niliyesoma naye sekondari aliipitia mwanzo hadi mwisho. Ameniruhusu nieleze yake yote isipokuwa jina.

KASHESHE LA KWENYE DALADALA

Shoga yangu anauza vitenge kwenye duka la mtu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na anaishi Gongo la Mboto. Mshahara wake ndio unaowasomesha wadogo zake wawili. Asubuhi moja daladala imejaa hadi mlangoni, iko kwenye foleni Tazara, ghafla moyo ukaanza kumwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, jasho likamtoka, akaona pumzi hazimtoshi. Kitu kimoja tu kikamjia kichwani: "Nakufa, tena humu ndani ya daladala, watu wananiangalia."

Akapiga kelele ashushwe. Bodaboda ikamkimbiza hospitali. Presha ikapimwa, damu ikapimwa, moyo ukawekwa kwenye mashine. Kila kitu kizima. Akaambiwa akapumzike, labda ni uchovu.

Baada ya siku chache, ikarudia. Kisha ikarudia tena. Akaacha kupanda daladala. Ukitoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo kwa bodaboda kila siku, kwenda na kurudi, mshahara unaishia barabarani. Ikawa siku nyingine haendi kabisa. Tajiri wake akamwambia: "Binti, nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ukiendelea hivi natafuta mtu mwingine."

Nyumbani nako maneno. Shangazi akasema karogwa na jirani wa duka. Akapelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba, pesa ikaliwa, hofu ikabaki pale pale. Akaombewa, akapata faraja kweli, lakini Jumatatu daladala ilikuwa ile ile.

Mwisho daktari mmoja, baada ya kupitia vipimo vyote tena, akamwambia moyo wake hauna kasoro, anachougua ni mashambulio ya hofu, na atamwandikia akamwone mwanasaikolojia. Shoga yangu alinipigia simu siku hiyo amekasirika: "Yaani mimi ndio nimeshakuwa kichaa?"

Nilimwambia sijui, lakini nenda, nitakusindikiza.

ILIKOTOKEA

Kabla sijakuingiza chumbani kwa mwanasaikolojia, nikupe historia kidogo, maana kuna watu wakisikia tiba ya kuongea wanadhani imeanza juzi.

Mzee mwenye sifa kubwa hapa ni Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani. Yeye alisomea ile tiba ya zamani, ya mgonjwa kulala kwenye kochi na kusimulia ya utotoni kwa miaka. Miaka ya 1960 akagundua kitu kwa wagonjwa wake wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Walikuwa na fikra fupi fupi zinazopita kichwani haraka kama pikipiki: sifai, nimeshindwa, hakuna anayenipenda. Zinakuja zenyewe bila kuitwa, na mgonjwa anaziamini bila kuziuliza hata swali moja. Beck akaanza kuwafundisha kuziuliza maswali. Wakapata nafuu.

New York nako, Albert Ellis alikuwa ameanza tangu 1955 tiba yake inayofanana na hiyo. Mwaka 1979 Beck na wenzake wakatoa kitabu cha kutibu sonona kwa njia hii, kikasambaa duniani. Beck alifariki Novemba 2021 akiwa na umri wa miaka 100.

Kilichoitofautisha tiba hii na nyingine ni kukubali kupimwa, kama dawa zinavyopimwa: wagonjwa hawa wanapewa, wale hawapewi, halafu matokeo yanalinganishwa. Ikaonekana inasaidia sonona, hofu za aina nyingi, na watu waliopatwa na matukio ya kutisha. Mwaka 2008 serikali ya Uingereza ikaanza mpango mkubwa wa kufundisha maelfu ya watoa tiba ili wananchi wapate tiba za namna hii bure.

MDUARA UNAOTUZUNGUSHA

Sasa tuje kwenye injini yenyewe. Tiba hii inasema kuna vitu vinne vinavyovutana: unachofikiri, unachohisi moyoni, kinachotokea mwilini, na unachofanya. Ukigusa kimoja, vyote vinatikisika.

Chukua mfano wa mjini. Umemtumia mpenzi wako ujumbe saa mbili usiku. Ameusoma, hajajibu. Wewe ukifikiri "yuko na mwingine", tumbo linakaza, hasira zinapanda, unampigia mara kumi na tano, na kesho mnagombana. Ukifikiri "labda kalala, leo alikuwa na kazi nyingi", unaweka simu chini unalala. Tukio ni lile lile moja. Kilichobadilika ni tafsiri.

Angalia vizuri: sisemi tafsiri ya pili lazima iwe ndiyo ya kweli. Inawezekana kweli yuko na mwingine! Hoja ni kwamba zote mbili ni tafsiri, na hakuna hata moja uliyoipima.

Kwa shoga yangu mduara ulikuwa hivi. Joto na msongamano vinaupeleka moyo mbio kidogo. Anafikiri "nakufa". Mwili ukisikia habari ya kufa haubishi, unamwaga homoni ya adrenalini ili umsaidie kukimbia. Adrenalini inauongezea moyo mbio. Anaanza kuhema haraka haraka, na kuhema huko kunapunguza hewa ya kabonidayoksaidi kwenye damu, ndiyo maana vidole vinakufa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Anaona dalili zimeongezeka, anasema "si nilisema nakufa!" Mwanasaikolojia wa Kiingereza, David Clark, ndiye aliyeuchora mduara huu wa hofu katika andiko lake la mwaka 1986, na hadi leo ndio unaotumika.

Halafu angalia mtego wenyewe. Akishuka, anapata nafuu. Ubongo unaandika: "Tumepona kwa sababu tumeshuka." Kila akikwepa daladala, unaandika tena. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Shoga yangu hajawahi hata kuumwa na huyo nyoka, na tayari anakimbia kila unyasi.

SIKU YA KWANZA UTAKUTANA NA NINI

Wengi wanaogopa siku hii kuliko ugonjwa wenyewe. Nikutoe wasiwasi. Nilibaki nje kwenye benchi, lakini akitoka alinisimulia kila kitu.

Hakuna kochi la kulalia, hakuna mtu anayekutazama machoni akasoma siri zako. Kulikuwa na viti viwili, meza, na mama mmoja mpole mwenye daftari. Alimweleza kwanza kwamba watakachoongea ni siri, isipokuwa kama kuna hatari ya mtu kudhurika. Kisha maswali: ilianza lini, inakuja wapi, unafanya nini ikija, unalala vipi, unatumia dawa gani, umewahi kufikiria kujidhuru? Hilo la mwisho wanamuuliza kila mtu, usishtuke. Na ujibu ukweli, maana mficha uchi hazai.

Akapewa karatasi ya kujaza, ya kupima hofu yake kwa namba. Karatasi hiyo aliijaza mara kwa mara, ili waone inashuka au haishuki. Hapo nilipenda. Hakuna "najisikia najisikia tu", kuna namba.

Kisha lengo. Shoga yangu alisema, "Nataka nisiwe na hofu tena." Yule mama akacheka kidogo. "Mdogo wangu, asiye na hofu kabisa anagongwa na gari. Niambie kitu ambacho ukikifanya, hata mimi nitaona umepona." Wakafikiri pamoja, wakaandika: kupanda daladala kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo, saa moja asubuhi, siku tano mfululizo.

Wakakubaliana wakutane mara moja kwa wiki, karibu saa nzima kila mara, jumla mara kumi na mbili, na katikati waangalie kama inafaa. Kwa kawaida tiba hii ni kati ya mara sita na ishirini, inategemea tatizo. Ina mwisho. Na kila mara kuna ratiba: wanaanza na kazi ya nyumbani ya wiki iliyopita, wanachagua jambo la leo, wanamaliza na kazi mpya.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Kuna homuweki!

DAFTARI

Kazi ya kwanza ilikuwa daftari la mistari, lile la shule. Kila hofu ikija, aandike: nilikuwa wapi, nilifikiri nini, niliamini kwa asilimia ngapi, nilihisi nini. Baadaye zikaongezwa safu nyingine: ushahidi wa kuunga mkono, ushahidi wa kupinga, na fikra iliyo sawa zaidi na ushahidi.

Ukurasa mmoja alionionyesha ulikuwa hivi. Mahali: kituoni, Gongo la Mboto. Fikra: "Nikipanda nitazimia." Kuamini: asilimia 90. Ushahidi wa kuunga: kichwa kinakuwa chepesi, miguu inatetemeka. Ushahidi wa kupinga: nimepata hali hii zaidi ya mara ishirini, sijazimia hata mara moja, daktari kasema wakati wa hofu presha kwa kawaida inapanda, na mtu huzimia presha ikishuka. Fikra mpya: "Nitajisikia vibaya sana kwa dakika chache, halafu itapita." Kuamini ile ya kwanza sasa: asilimia 55.

Umeona? Haikushuka hadi sifuri. Wala hakuandika "mimi ni shujaa, dunia ni tamu". Hapo ndipo watu wanapochanganya. Tiba hii haikufundishi kujidanganya kwa maneno matamu kama ya wale wahamasishaji wa kwenye simu. Inakufundisha kuwa hakimu. Fikra inasimamishwa kizimbani, mashahidi wa pande zote mbili wanaitwa, halafu ndipo hukumu.

Na wakati mwingine fikra inashinda kesi. Ukifikiri "pesa hazitanitosha mwezi huu" na ushahidi ukaonyesha kweli hazitoshi, hakuna cha kubadili kichwani. Hapo mnageukia kupanga: nani umkope, kipi ukipunguze, uongee vipi na mwenye nyumba. Hiyo nayo ni sehemu ya tiba.

NGAZI

Daftari peke yake halitoshi. Unaweza kujua kwa akili kwamba hufi, na mwili ukaendelea kukataa. Mwili unajifunza kwa kuona.

Wiki ya nne yule mama alimwambia: "Leo tutaileta hiyo hali humu ndani." Wakahema haraka haraka wote wawili kwa dakika moja hivi. Vidole vikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi, moyo mbio, vile vile kama Tazara! Wakarudi kuhema taratibu, ikaisha. Shoga yangu alitoka nje macho yamemtoka: "Kumbe naitengeneza mwenyewe kwa pumzi!" Lakini usilijaribu hili peke yako nyumbani. Mtaalamu anahakikisha kwanza huna ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa wala ujauzito.

Kisha wakapanga ngazi, kutoka jambo rahisi hadi gumu. Kidato cha kwanza: kusimama kituoni dakika kumi na tano bila kupanda. Cha pili: kupanda saa tano asubuhi, daladala tupu, hadi Mombasa tu. (Mombasa ya Ukonga msomaji, siyo ya Kenya!) Cha tatu: hadi Banana. Kisha Uwanja wa Ndege, kisha Tazara kwenyewe. Mwisho Kariakoo, saa moja asubuhi, watu wamesimama hadi mlangoni.

Sharti ni moja: unabaki mpaka hofu ishuke yenyewe. Ukishuka wakati hofu iko juu, umeulisha ule mduara.

Kulikuwa na jingine la siri zaidi. Shoga yangu alikuwa hapandi bila chupa ya maji baridi mkononi, kiti cha dirishani, na namba ya kaka yake imeshafunguliwa kwenye simu. Alifikiri ndizo zinazomponya. Yule mama akamwambia hizo ni magongo: mtu mwenye miguu mizima akitembea na magongo hawezi kujua miguu yake inafanya kazi. Wakayaondoa moja moja. Chupa ya maji ndiyo iliyomliza.

WIKI AMBAYO UTATAKA KUACHA

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo wengi wanapotorokea.

Wiki ya sita hali yake ilikuwa mbaya kuliko alipoanza. Karatasi ya namba ilipanda. Alilia usiku, akaniambia tiba imemshinda, bora arudi kwenye bodaboda. Na ule mwisho wa mwezi wa tajiri ulikuwa umebaki siku kumi.

Kumbe hiyo inatarajiwa. Umezoea kuikimbia hofu, sasa unaifuata mwenyewe hadi kituoni. Lazima kwa muda uione zaidi. Ni kama kuanza mazoezi ya viungo: kesho yake kila msuli unauma, ukiacha siku hiyo umebaki na maumivu bila faida. Dawa yake ni kumwambia mtaalamu wako waziwazi, "Naona imezidi." Yeye hatakasirika. Atapunguza urefu wa ngazi, hatakuondoa kwenye ngazi.

Ndivyo ilivyokuwa. Wakarudi kidato kimoja nyuma, Banana, siku tatu mfululizo. Kisha wakasonga. Asubuhi moja akapata shambulio kamili pale pale Tazara, foleni haisogei. Hakushuka. Aliniambia aliangalia saa ya simu yake, akahesabu. Hofu ilipanda, ikafika juu, ikakaa kidogo, kisha ikaanza kushuka yenyewe kabla foleni haijaachia. Konda akamdai nauli, akalipa. Basi. Hakuna aliyemtazama, hakuna aliyejua.

Akafika dukani saa mbili kasoro. Tajiri hakusema kitu, alimwonyesha tu mzigo wa kufungua.

Leo anapanda kila siku. Sitakudanganya kwamba kapona kabisa kabisa. Mwezi uliopita alipata tena, siku ya joto kali. Tofauti ni kwamba sasa anajua kinachotokea, na mkoba wake una karatasi waliyoiandika pamoja siku ya mwisho: dalili za hofu kurudi, na nini afanye zikirudi. Kila anayemaliza tiba hii anatakiwa aondoke na karatasi kama hiyo. Lengo ni uwe daktari wa mawazo yako mwenyewe.

SIYO YA WAZUNGU PEKE YAO

Nasikia mtu anasema, "Hayo ni magonjwa ya Ulaya, sisi Waafrika tuna shida za kweli." Haya, twende Harare.

Zimbabwe, kwa Kishona, mtu akizidiwa na mawazo wanasema ana kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Kwao kufunga ni kufikiri! Mwaka 2006, mtaani Mbare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa ule ule. Wakafundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza, kumsaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Ni ndugu wa tiba hii ninayokueleza. Waliipima kwa watu 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi walikuwa kama asilimia 14. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida ilikuwa kama asilimia 50.

Sasa rudi nyumbani. Moshi hapa kwetu, na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili walishirikishwa kwenye utafiti wa tiba hii hii, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wenye majeraha ya moyo. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Tiba ilipomalizika, sehemu tatu kati ya nne watoto walioipata walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao. Mwaka mmoja baadaye, Kenya tofauti ilibaki kubwa. Tanzania pande zote mbili zilikuwa zimepata nafuu sawa. Nakuandikia na hilo la mwisho pia, maana tumeshasema hapa tunapima, hatupigi debe.

ISICHOWEZA

Siyo dawa ya kila kitu. Anayesikia sauti zisizokuwepo au aliyepoteza fahamu za alipo anahitaji daktari na dawa kwanza. Sonona kali mara nyingi inataka dawa na tiba pamoja. Kama unatumia vidonge, usivitupe kwa sababu umesoma gazeti! Muulize aliyekuandikia.

Pia haiondoi umaskini wala haimbadilishi mume anayepiga. Ukipigwa nyumbani, fikra yako kwamba hauko salama ni ya kweli. Huhitaji daftari hapo, unahitaji kutoka na msaada.

Na ukiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri zamu ya wiki ijayo. Mwambie mtu sasa hivi, na mwende hospitali iliyo karibu leo leo.

UKITAKA KWENDA

Anza na daktari wa kawaida akupime mwili. Tezi ya shingo na upungufu wa damu vinaweza kuupeleka moyo mbio vile vile. Kisha uliza idara ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Kwa Dar, Muhimbili wanayo, na Dodoma kuna Mirembe. Wataalamu ni wachache, foleni ipo, uwe na subira. Waombe wakuambie gharama kabla hujaanza.

Ukishampata mtaalamu, mpime na yeye. Ameuliza lengo lako? Amekueleza mtakutana mara ngapi? Anakupa kazi ya nyumbani na anaifuatilia? Anatunza siri? Kama anaongea yeye tu saa nzima, au anakuhakikishia utapona kwa siku tatu, au anakugombeza kwa sababu ya dini au mavazi yako, hiyo siyo tiba ninayoieleza hapa. Una haki ya kutafuta mwingine.

Kama unaanza na kidogo, wiki hii fanya hivi. Wazo likikukaba, usiliambie liondoke. Liandike kama lilivyo, neno kwa neno. Chini yake andika: "Ushahidi uko wapi?" Ujaze pande zote mbili kwa haki, kama vile wazo hilo ni la rafiki yako unayempenda. Na kama kwa wiki mbili mfululizo huna hamu ya kitu, hulali, huli, basi karatasi haitoshi. Nenda.

Nafasi yangu imeisha, mhariri ameshaanza kunikunjia uso. Wiki ijayo turudi kwenye stori nyepesi: kwa nini vijana wa siku hizi tunaogopa kukutana na wakwe. Mpaka hapo, kaa salama, na usimwambie mtu "acha mawazo". Muulize, "Mawazo gani hayo?" Halafu umsikilize.